Maswali ya Wasomaji: Barua Imeandikwa na Mashine, Sahihi ni ya Nani?

Mwezi huu karibu barua zote zilizonifikia zinazungumzia jambo moja. Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde na wengine akili bandia, imeingia katika steshenari za Mbeya, katika madaftari ya wafanyabiashara na katika insha za wanafunzi wa Iringa, na kila aliyeniandikia anataka kujua afanye nini nayo kesho akiamka kwenda kazini. Nimechagua barua sita, nimezifupisha kidogo, na nimeyaondoa majina kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo mama. Nina steshenari ndogo hapa Mbeya mjini, jirani na ofisi za serikali. Kwa miaka kumi na moja nimeishi kwa kuchapa barua za maombi ya kazi, wasifu, barua za malalamiko na taarifa za vikundi. Tangu mwaka jana vijana wanakuja na barua iliyokwisha kuandikwa na akili mnemba, wananitumia kwa WhatsApp, nami nabaki kuprinti kurasa mbili kwa bei ya karatasi. Je, niuze kompyuta niingie kwenye biashara ya nafaka? — Mwenye steshenari, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na habari usiyopenda kuisikia, kwa sababu umeuliza kwa unyofu: kuchapa, kama kazi ya kumlisha mtu peke yake, kunakwisha. Ninalijua jambo hili kwa kulipitia. Nilianza uhazili mwaka 1984 katika ofisi moja ya umma hapa Mbeya, nikiwa na hatimkato, yaani mwandiko wa alama za kunukuu maneno kwa kasi, ya maneno 80 kwa dakika na taipureta ambayo herufi zake mbili zilikuwa zikikwama kila baridi ya Juni ilipoingia. Barua ikikosewa mstari wa tatu, ukurasa mzima ulitolewa pamoja na nakala zake za karatasi ya kaboni, ukaanzwa upya. Kompyuta zilipofika katika miaka ya 1990, hatimkato ndiyo iliyokufa kwanza, kisha wepesi wa vidole ukakoma kuwa sifa, maana hata mkuu wa idara aliweza kuandika na kufuta mwenyewe. Tulikuwa wahazili saba. Baada ya miaka kumi tulibaki wawili, na katika sisi wawili hakuna aliyekuwa mwepesi wa kuchapa kuliko wale walioondoka. Tulichokuwa nacho ni kujua jalada gani liko kwa nani, barua ipi haijajibiwa, na ombi la aina gani hurudishwa kila mara kwa kukosa kiambatisho kipi.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022, na nyingine za aina yake zimeifuata. Zote zimelishwa maandishi mengi mno, zikafunzwa kukisia ni neno lipi linaelekea kufuata baada ya maneno yaliyotangulia, na kwa kukisia huko, neno kwa neno, hutoa barua iliyonyooka. Unyoofu wa sentensi zake hauongezeki pale jambo linapokuwa kweli, wala haupungui pale linapokuwa si kweli, na hapo ndipo riziki yako ilipojificha.

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka vijiji vya nje ya mji alinionyesha barua ya malalamiko ya shamba ambayo mjukuu wake aliiandikisha kwa simu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha barua nyingi nilizowahi kuzipokea ofisini. Ilikuwa na kumbukumbu namba, ilikuwa na YAH: iliyopigiwa mstari, ilikuwa na aya tatu zenye adabu, na katika aya ya mwisho ilimwomba mwenyekiti wa Baraza la Kata asikilize shauri, atoe hukumu na kumwamuru jirani aondoke. Tatizo ni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila ufumbuzi, mlalamikaji anaweza kwenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza ya kata yalihukumu kwa miaka mingi kabla ya hapo, na maandishi ya miaka hiyo ni mengi kuliko yaliyoandikwa baada ya 2021, kwa hiyo sishangai kwamba mashine ilikisia kwa kufuata yale ya zamani. Mama yule angesubiri wiki baada ya wiki hukumu isiyoweza kutolewa, kila safari akilipa nauli ya kwenda na kurudi, na barua yenyewe isingemwonyesha hata kwa herufi moja kwamba imekosea njia.

Usidhani kwamba hayo huwapata wanakijiji tu. Mwezi Juni 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 na jaji, kwa sababu waliwasilisha mahakamani hoja zilizotegemea kesi sita ambazo hazikuwahi kuwapo. Kesi hizo zilitungwa na ChatGPT, pamoja na majina ya wahusika na maneno ya majaji. Mawakili wale walikuwa na shahada, walikuwa na maktaba, na walikuwa na uzoefu wa miaka. Walichokosa ni mtu wa kuifungua ile kesi na kutazama kama ipo.

Kwa hiyo, kabla hujauza kompyuta, badili kile unachouza. Ondoa kibao kinachosema kuchapa ukurasa ni shilingi kadhaa, uweke kinachosema unakagua barua na maombi. Kijana akija na barua yake ndani ya simu, usikimbilie printa. Isome. Muulize inakwenda ofisi gani, inapokelewa dirisha gani, inahitaji nakala ngapi, vyeti vimethibitishwa na wakili au bado, tangazo la kazi limetaja barua iandikwe kwa mkono au la. Mzee akija na mgogoro wa shamba, muulize maswali ambayo mashine haikumuuliza: eneo lina ukubwa gani, mpaka ulioneshwa na nani, karatasi ya mauziano iko wapi, na shahidi aliyetia sahihi bado yu hai. Ukishapata majibu hayo, tumia wewe mwenyewe akili mnemba kuandaa rasimu, kwa kuwa itakupunguzia muda, kisha uisahihishe kwa unachokijua. Nyaraka za kufungua shauri mahakamani na mikataba ya mali zina wenyewe, nao ni mawakili. Mtu akija na hizo mwelekeze kwao, na hata kumwelekeza vizuri ni huduma.

Yapo maneno ya faraja ambayo hutolewa katika mambo haya, nami siyakubali yote. Husemwa kwamba teknolojia ikiua kazi moja huzaa nyingine. Ni kweli kwamba kabla ya M-Pesa kuanza hapa nchini mwaka 2008, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kumtumia mama yake fedha Tukuyu alimkabidhi dereva au kondakta wa basi bahasha, akamlipa kitu kidogo, akaomba Mungu ifike. Biashara ile ya bahasha ilikufa, na badala yake tukapata vibanda vya mawakala kila mtaa. Lakini niliwafahamu makondakta wawili wa njia ile, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuwa wakala. Kazi mpya ilikwenda kwa aliyekuwa na mtaji, kitambulisho na simu mbili. Ndiyo maana nakusihi uanze kubadilika sasa, ukiwa bado na wateja wanaokufahamu kwa jina, usingoje kazi mpya izaliwe ndipo uanze kuitafuta. Wateja hao ndio mtaji wako.

Habari za kazi, dada yangu. Nanunua viazi Isyonje na Umalila na kuvipeleka Dar es Salaam, na nina meza Mwanjelwa. Mwanangu aliye chuoni ananiambia niulize akili mnemba bei itapanda lini, na niiweke ijibu wateja wangu kwenye WhatsApp usiku nikiwa nimelala. Mimi nina daftari langu tu. Je, nimepitwa na wakati? — Mama wa viazi, Mbeya

Dada yangu, hujapitwa na wakati, na daftari hilo lina thamani kuliko mwanao anavyodhani. Bei ya viazi Mwanjelwa asubuhi ya leo haikuandikwa mahali ambapo mashine ilipata kuisoma. Inatokana na mvua iliyonyesha jana Uporoto, na utelezi wa barabara ya Umalila, na idadi ya fuso zilizopakia usiku, na kama viazi vya Njombe vimeingia Dar es Salaam siku hiyohiyo au vimekwama Makambako. Ukiiuliza programu bei ya wiki ijayo itakupa jibu, kwa kuwa imeundwa kutoa jibu, na jibu hilo litakuwa limepangwa vizuri pamoja na sababu zake. Ila halitakuwa limesimama sokoni. Wewe umesimama.

Jambo linalonisumbua katika biashara yako ni jingine, nalo ni lumbesa. Umeandika katika barua yako kwamba mwaka jana ulisafirisha "gunia mia nne na kitu". Gunia lipi? Lile la kushonwa mdomoni, au lile lenye kichwa kilichofumwa kwa kamba hadi likawa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu? Wakala wa Vipimo wamekuwa wakikataza lumbesa kwa miaka mingi, na kifungashio cha mazao hakipaswi kuzidi kilo 100, lakini sote tunajua kinachoendelea shambani saa kumi na moja alfajiri. Mkulima hupunjwa hapo, na hilo ni dhuluma ya wazi. Wewe nawe unapunjika kwa namna usiyoiona, kwa sababu daftari lenye magunia ya ukubwa usiofanana haliwezi kukuambia ukweli, na ukilipiga picha ukampa mwanao alipitishe kwenye kompyuta, mashine itajumlisha lumbesa na gunia la kawaida kana kwamba ni kitu kimoja. Itakupa jedwali safi la jambo lisilokuwapo.

Nunua mizani. Kuanzia mzigo ujao andika tarehe, kijiji, kilo, bei ya kununulia, nauli ya gari, ushuru, bei ya kuuzia, na kilo zilizooza. Ukishakuwa na miezi sita ya kumbukumbu za namna hiyo, mwombe mwanao azipange kwa msaada wa akili mnemba, kisha muulize maswali ambayo ni wewe pekee unayeyajua: je, viazi vya Isyonje vinaoza zaidi ya vya Umalila vikikaa siku nne? Je, mizigo ya Ijumaa inalipa kama ya Jumanne? Kwa kazi hiyo mashine ni msaidizi mzuri sana, mradi mistari mitatu au minne uijumlishe mwenyewe kwa kalamu ili uone kama hesabu zinakubaliana.

Kuhusu kuiachia ijibu wateja, nakuomba usubiri. Mwezi Februari 2024 baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliamuru shirika kubwa la ndege limlipe abiria zaidi ya dola 800 za huko, kwa sababu mashine ya kujibu maswali katika tovuti ya shirika hilo ilimweleza vibaya masharti ya punguzo la nauli kwa msafiri aliyefiwa. Shirika lilijitetea kwamba mashine ile ni kama mhusika anayejitegemea na ndiyo inayobeba maneno yake, na baraza likakataa. Sasa fikiria mteja wa Dar es Salaam ameuliza saa sita usiku kama atapata kilo elfu tano Jumamosi kwa bei ya wiki iliyopita, na mashine, kwa upole wake, ikajibu kwamba atapata. Neno hilo limetoka kwenye namba yako. Iweke ijibu jambo moja tu, kwamba ujumbe umefika na mama atajibu asubuhi.

Kamwene, mama. Nafundisha historia katika shule ya sekondari wilaya ya Iringa. Niliwapa kidato cha tatu insha juu ya upinzani dhidi ya ukoloni wa Wajerumani. Kumi na wawili waliandika insha zinazofanana kama mapacha, na watatu wakaandika kwamba Mkwawa aliwaongoza Wahehe katika Vita vya Maji Maji. Shule yetu haiko mbali na Kalenga. Niseme nini? Je, akili za watoto hawa zinakufa? — Mwalimu, Iringa

Kamwene, mwalimu. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliumia zaidi. Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na Mkwawa alijitoa uhai tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa adui. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, miaka saba baadaye. Fuvu la kichwa chake, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga, mahali ambapo wanafunzi wako wanaweza kufika na kurudi kabla ya jua kuzama. Mashine imeyakuta maneno Mkwawa, Wajerumani, Maji Maji na upinzani yakikaa pamoja katika maandishi mengi, ikayaunganisha. Imekosea kama inavyokosea. Kinachouma ni kwamba mtoto wa Iringa alinakili bila kushtuka.

Umeuliza kama akili zinakufa. Nadhani jibu la karibu zaidi nililoliona limo katika utafiti uliofanywa kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki na kutolewa mwaka 2024. Waligawanywa katika makundi wakati wa mazoezi ya hisabati. Kundi lililoruhusiwa kutumia programu ya kawaida ya akili mnemba lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wenzao wasiokuwa nayo, wakati wa mazoezi. Mashine ilipoondolewa na mtihani ukaja, kundi hilohilo lilifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa programu iliyorekebishwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo bila kutoa majibu. Hilo lilipanda zaidi katika mazoezi, kwa asilimia 127, na katika mtihani halikuanguka chini ya wenzao. Kwa hiyo ubongo wa mtoto hauozeshwi na mashine kwa kuwa karibu nayo. Hudhoofika pale mashine inapobeba ile sehemu ya kazi ambayo ndiyo ilikuwa mafunzo yenyewe.

Ninaweza kukueleza jambo hili kutoka upande wangu pia. Enzi za hatimkato, nilikuwa nikinukuu kikao cha saa tatu bila kuelewa nusu ya mambo, kwa kuwa mkono ulikuwa unakimbizana na midomo ya watu. Nilikuwa naelewa kesho yake, nikikaa mbele ya taipureta kugeuza zile alama kuwa sentensi. Hapo ndipo niligundua kwamba uamuzi wa ajenda ya nne unapingana na wa ajenda ya pili, nikanyanyuka kwenda kumuuliza katibu. Kuandika kulikuwa ndiko kufikiri kwangu, na sikulijua hilo hadi juzi. Kwa miezi kadhaa mwaka huu nilijizoeza kuiachia akili mnemba iandike rasimu za barua zangu. Jioni moja umeme ulikatika, simu ikazima, na nilitakiwa kuandika rambirambi kwa mkono ipelekwe msibani alfajiri. Nilikaa na mshumaa karibu saa nzima. Marehemu alikuwa rafiki yangu wa miaka thelathini, na sentensi ya kwanza haikuja. Maneno yaliyokuwa yakinijia yalikuwa yale laini ya mashine, ambayo yangeweza kuandikwa kwa ajili ya marehemu yeyote. Tangu siku hiyo, barua inayomhusu mtu ninayempenda naiandika kwa kalamu tangu mwanzo hadi mwisho.

Usiwapige wanafunzi wako marufuku kisha ukaishia hapo, kwa sababu simu ziko nyumbani na hutaziona. Wafanyie hivi. Chukua insha moja kati ya zile kumi na mbili, ifute jina, itoe nakala, uwape darasa zima na kuwaambia kwamba ndani yake kuna makosa ya historia. Wayatafute kwa vitabu, na kila kosa waandike walilijuaje. Kisha wapeleke Kalenga. Insha inayofuata iandikwe darasani kwa mkono, na iwe juu ya jambo ambalo halijaandikwa popote, kwa mfano wanachokumbuka babu na bibi zao kuhusu kijiji kuhamishwa wakati wa ujamaa. Mtoto aliyekwenda kumuuliza bibi yake, akasikia majibu mawili yanayopingana kutoka kwa bibi wawili, na akalazimika kuamua aandike lipi, huyo amefikiri, hata kama insha yake ina makosa ya tahajia katika kila mstari. Mpe alama kwa hilo.

Shikamoo mama. Nimehitimu shahada ya uhasibu, nipo nyumbani Mbozi kwa mwaka wa pili. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu, na sasa nasikia kazi za wanaoanza zinafanywa na kompyuta. Nirudi chuo nikasome kitu kingine? — Mhitimu, Vwawa

Marahaba, mwanangu. Usikimbilie kubadili fani kwa sababu ya utabiri. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, alisema vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, pengine kumi, mashine itawazidi. Ile miaka mitano imekwisha kupita, na madaktari hao bado wanatafutwa. Mashine imekuwa msaidizi wao. Ikiwa mtu aliyeijenga alikosea kwa kiasi hicho, mjomba wako anayekushauri uache uhasibu anaweza kukosea pia.

Hofu yako ya pili, hata hivyo, ina msingi, na ningependa waajiri wanaosoma ukurasa huu waisikie. Kazi ndogondogo za kulinganisha risiti na taarifa ya benki, za kupanga hati za malipo, za kuandika rasimu ya barua ya kwanza, zilikuwa ndizo shule ya mfanyakazi mpya. Mimi nilijua kuona kosa katika barua kwa sababu nilichapa maelfu ya barua za watu walionizidi ujuzi. Mwajiri anayeiachia mashine kazi hizo zote na kumfungia mlango kijana anaokoa mshahara mmoja leo, lakini baada ya miaka kumi na mitano hatakuwa na mtu wa kukagua kazi ya mashine hiyo, kwa kuwa hakumlea yeyote.

Wewe ukiwa Vwawa umezungukwa na vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa kahawa, yaani AMCOS. Nenda kwenye AMCOS moja, uombe kusaidia kufunga hesabu za msimu, hata kwa posho ya nauli. Fanya ulinganisho wa kwanza kwa mkono, ndipo uipe kompyuta nakala iliyoondolewa majina, kisha utafute kwa nini majibu yenu yametofautiana. Msimu mmoja wa namna hiyo utakupa uzoefu unaoweza kuueleza mbele ya meza ya usaili.

Ndugu mwandishi, nalima mahindi na mihogo. Je, ni kweli kuna simu inayotambua ugonjwa wa jani? — Mkulima, Kyela

Ni kweli, ndugu yangu, ila ni programu ndani ya simu. Inaitwa PlantVillage Nuru, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na taasisi ya utafiti ya IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo hutafuta dalili za batobato na michirizi kahawia. Kwa mahindi hutazama uharibifu wa viwavijeshi vamizi. Inafanya kazi bila intaneti, inatumia Kiswahili, na picha za mihogo zilizotumika kuifunza hapo mwanzo zilipigwa katika mashamba ya Tanzania, jambo ambalo ni nadra katika teknolojia hii na ndiyo sababu naiamini kuliko programu iliyofunzwa kwa majani ya nchi za mbali. Ikikuambia jani lina ugonjwa, ng'oa mche mmoja umwonyeshe afisa ugani kabla hujanunua dawa. Batobato na michirizi kahawia ni magonjwa ya virusi na hayana dawa ya kupulizia. Kinga yake ni mbegu safi, ambayo unaweza kuulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole.

Shikamoo mama. Ni karani katika zahanati moja mkoani Iringa. Nimekuwa nikiandika majina ya wagonjwa na magonjwa yao ndani ya programu ya akili mnemba ili inisaidie ripoti ya mwezi. Inafanya kazi nzuri sana. Kuna ubaya? — Karani

Marahaba. Ndiyo, mwanangu, kuna ubaya, na uache leo. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayosimamia sheria hiyo. Ukiandika jina la mgonjwa ndani ya programu hizo, linasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, na huna uwezo wa kulirudisha. Mgonjwa alikupa jina lake apate dawa. Ripoti ya mwezi inahitaji idadi, umri na jinsi. Hesabu hizo kwenye rejista kwa mkono, kisha ukitaka msaada wa kupanga jedwali, ipe mashine namba peke yake. Kuhusu majina ambayo yamekwisha kwenda, futa mazungumzo yote yaliyomo katika programu hiyo, andika tarehe ulizofanya hivyo, na umweleze mganga mfawidhi wako kabla hajasikia kwa mtu mwingine.